Pluto na Binti wa Ulyankulu

Neno sayari tulilipata kwa Waarabu, na mzizi wake ni kwenda, kutembea. Katika Sura ya Yusuf, sayyara ni wasafiri, ule msafara uliomkuta Yusuf kisimani. Napenda kulisema hilo darasani, maana nafundisha jiografia Tabora, mji uliokuzwa na misafara ya kati ya Ujiji na Bagamoyo. Kwa watazama nyota wa kale, chochote kilichotembea mbele ya nyota zilizotulia kilihesabiwa sayari, hata Jua na Mwezi.

Siku hizi kuna masharti. Yalipitishwa Prague tarehe 24 Agosti 2006 na wanaastronomia wapatao 424, ilhali umoja wao una maelfu ya wanachama. Sayari lazima ilizunguke Jua, iwe na uzito wa kuifanya mviringo kama tufe, na iwe imesafisha njia yake. Pluto ilitimiza mawili. Njia yake imejaa magimba mengine ya barafu, basi ikaitwa sayari kibete.

Mwaka 2022 nilipofika hapo, binti mmoja wa viti vya nyuma akauliza, "Mwalimu, kwani siku hiyo Pluto ilibadilika nini?"

Wenzake walicheka. Mimi nilijua anakotoka. Alizaliwa 2006 Ulyankulu, kwenye makazi ya watu waliokimbia Burundi mwaka 1972. Mpaka anafika miaka minane alikuwa mkimbizi, ingawa hakuwahi kukimbia popote. Mwaka 2014 vyeti vya uraia vikaja, akawa Mtanzania. Nyumba ileile, shamba lilelile la tumbaku.

Nilimjibu kwamba haikubadilika kitu. Watu ndio waliobanwa: mwaka 2005 ilitangazwa Eris, inayokaribiana na Pluto kwa ukubwa, ikabidi ama orodha irefuke ama ifupishwe. Sharti la tatu ndilo linalonikera, kwa sababu haliulizi Pluto ni nini, linauliza inakaa na akina nani. Wapo wanasayansi wanaosema hata Dunia ikipelekwa kule haitaweza kusafisha njia. Mwaka 2017 baadhi yao walipendekeza umviringo utoshe. Hapo sayari zingezidi 100, na Mwezi ungekuwamo.

"Basi Wanyamwezi ni watu wa sayari!" akadakia mvulana mmoja, na darasa likaniponyoka.

Mtihani unataka nane, kwa hiyo niliandika nane ubaoni. Binti yule alisubiri kelele zipungue, akauliza kama kura inaweza kupigwa tena. Nikamwambia inaweza.