Kidole cha Mutombo na hesabu ya pointi 3

Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa, alicheza NBA kutoka 1991 hadi 2009. Kazi yake kubwa ilikuwa kusimama karibu na kikapu na kukataza. Alizuia mipira 3,289. Katika ligi ile aliyempita ni Hakeem Olajuwon wa Nigeria peke yake. Akishazuia, anatikisa kidole: hapana, si hapa. Ligi ikaona kidole kile ni dharau, ikaanza kukipigia faulo.

Kidole kilikuwa jambo dogo. Msimu wa 2001-2002 ilikuja sheria nyingine: beki asiyemkaba mtu kwa karibu asikae zaidi ya sekunde 3 chini ya kikapu. Yaani nyumba ya Mutombo iliwekewa saa.

Halafu wakafika watu wa hesabu. Mstari wa pointi 3 uliingia NBA mwaka 1979, na msimu ule timu ilirusha kutoka mbali mara zisizofika 3 kwa mechi. Siku hizi zinapita 30. Hesabu yenyewe hata mama wa soko la Virunga anaifanya bila kalamu. Mtu akifunga mipira 40 kati ya 100 ya pointi 2, analeta pointi 80. Mwingine akifunga 36 tu kati ya 100 ya pointi 3, analeta 108. Anayekosa zaidi ndiye anayeleta zaidi!

Hesabu nayo ina siku zake mbaya. Mei 2018, Houston Rockets, timu iliyoiamini kuliko zote, ilikosa mipira 27 ya pointi 3 mfululizo mbele ya Golden State Warriors, ikaikosa fainali.

Tena hesabu haioni yote. Kabla ya msimu wa 1973-1974 NBA haikuandika mipira iliyozuiwa. Bill Russell, bingwa mara 11, hana hata mmoja kitabuni. Familia iliyofika kambini baada ya orodha ya msaada kufungwa inaelewa jambo hilo vizuri. Na kwa Mutombo mwenyewe, nani aliandika mipira ambayo wapinzani waliogopa kuirusha walipomwona?

Zamani kijana mrefu wa Kongo aliambiwa kwamba urefu ndio mkate wake. Sasa anaulizwa kwanza kama anafunga kutoka mbali. Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, alichaguliwa na Warriors hao mwaka 2021, akiwa wa 7, akapata ubingwa 2022. Hata yeye swali hilo lilimfuata.

Kuruka na kuzuia, kijana anaweza kuanza na mwili aliopewa na Mungu. Kurusha kutoka mbali kunataka kurudia mara maelfu, kwenye kikapu kilekile, na mpira unaodunda. Mtoto aliyehama mara tatu kwa mwaka mmoja anavipata wapi?