Wamama 14, majile 8: siku yetu kwenye maji ya Wagenia

Wamama wapendwa, tangu kikao cha Jumapili mnatuuliza: ni kweli mliingia kwenye mtumbwi pale Wagenia, ninyi ambao hata kuogelea hamjui? Ni kweli. Tuliingia, tukavuka, tukarudi, na vikwembe vyetu vilikaa siku mbili kwenye kamba kabla ya kukauka. Lakini hatuandiki ili kujisifu. Kuna jambo tulilizungumza siku ile ambalo bado linatuletea maneno sisi kwa sisi, na tunataka mlijue lote, kuanzia mwanzo.

Sisi wa Kisangani tunakaa karibu na Wagenia mpaka tumezoea kutopatazama. Mgeni akija tunampeleka, anapiga picha, tunanunua samaki kama bei inakubali, tunarudi nyumbani. Wengi wetu hatukuwahi kujiuliza maji yale yanatoka wapi. Mto unakuja kutoka kusini ukiitwa Lualaba. Kati ya Ubundu na hapa kwetu unapita maporomoko 7, yaliyotawanyika kwenye njia ya karibu kilomita 100, na kwa jumla maji yanashuka kama mita 60. Ndiyo Boyoma. La mwisho ni Wagenia. Kwa hiyo usitegemee kuona maji yanadondoka kutoka juu kama kwenye kalenda. Yanateremka kwa ngazi katikati ya mawe, yanagongana, yanatoa povu, yanazunguka na kurudi nyuma. Meli haiwezi kupanda hapo. Ndiyo sababu reli ya kwenda Ubundu, ile ya kilomita 125, ilijengwa upande wa kushoto wa mto na kumalizika mwaka 1906. Na chini kidogo tu ya Wagenia mto unatulia kama mtu aliyemaliza ugomvi, na kutoka hapo meli inaweza kwenda mpaka Kinshasa, zaidi ya kilomita 1.700.

Wenyeji wa pale ni watu wa Enya. Hilo «wa» la Wagenia ni la Kiswahili chetu, lilibandikwa zamani na likabaki. Uvuvi wao mnaujua: miti mirefu imesimamishwa kwenye mawe katikati ya maji, imefungwa kwa kamba za msituni, na kutoka kwenye miti hiyo wananing'iniza vikapu vikubwa, vipana mdomoni na vyembamba mwishoni. Maji yenyewe yanamsukuma samaki ndani. Tulimwona kijana mmoja akipanda kwenye miti ile akiwa miguu mitupu, miti imelowa, maji yananguruma chini yake, na mama mmoja kati yetu alifumba macho akasema, «Huyu ana mama yake mahali fulani.»

Wazo la kuingia majini lilitoka kwa dada yetu aliyesoma Kampala. Akiwa kule, wanafunzi wenzake walimpeleka Jinja, mahali ambapo Nile inatoka katika ziwa Victoria, kwenye mchezo unaoitwa raftingi. Mnakaa watu 7 au 8 kwenye mashua ya mpira iliyojazwa upepo, kila mtu ana kafi yake, kiongozi yuko nyuma, na mnateremka na maji ya kasi. Alituambia kwamba maji hayo yana madaraja, kutoka 1 hadi 6. Daraja la 1 ni maji yanayokimbia bila shida, la 2 ni mawimbi madogo yenye njia wazi, la 3 tayari linakurushia maji usoni, na la 6 si la kujaribu. Anayeanza anapelekwa kwenye 1 na 2, akizoea anaonja 3. Alituambia pia kwamba mabwawa ya umeme yamezamisha baadhi ya maporomoko ya kule, kwa hiyo mahali alipopita yeye si pote pamebaki kama zamani.

Tulichopenda katika masimulizi yake si mashua, ni mafundisho. Alisema kabla ya kuona wimbi lolote walikaa karibu saa nzima kwenye maji tulivu wakijifunza kuanguka. Ndiyo, kuanguka! Kiongozi aliwaambia waruke majini mmoja mmoja, na kila mmoja alionyeshwa jinsi ya kulala chali, miguu mbele kuelekea kule maji yanakokwenda, vidole vya miguu juu ya maji, na kungoja kuvutwa. Kosa kubwa, aliwaambia, ni kutaka kusimama. Mguu ukiingia katikati ya mawe mawili na maji yanakusukuma mgongoni, utainamishwa na hutainuka tena, hata kama maji yanafika kiunoni tu. Sisi ambao tumekulia kando ya mto hatukuwahi kuambiwa hilo na mtu yeyote. Tulinyamaza kidogo.

Basi, Jumamosi ile tulifika Wagenia asubuhi, wamama 14, na majile 8 ya kuokolea tuliyoazima. Hatukuwa na mashua ya mpira. Tulikuwa na mtumbwi wa Wagenia, gogo moja refu lililochongwa, na wanaume wanaopiga kafi wakiwa wamesimama. Tulikubaliana bei kwanza, na tunawashauri mfanye hivyo pia, kwa sababu bei inayopatikana ukiwa tayari umeketi ndani ya mtumbwi ni bei nyingine.

Papa mwenye mtumbwi alitaka tuingie wote kwa mara moja. «Wamama, mtumbwi huu unabeba hata 20,» alisema, na hakuwa anadanganya. Baadhi yetu tulikuwa tayari tumeinua vikwembe kuingia. Ndipo mama mmoja wa Lubunga, anayevuka kila siku kuleta sombe na mihogo upande huu, akabaki amesimama kwenye jiwe. Akasema, «Papa, utusamehe. Majile ni 8. Mimi siingii kwenye mtumbwi wenye watu wengi kuliko majile.» Papa akacheka. Mmoja wetu naye akacheka, tunasema ukweli. Mama hakucheka. Kwa dakika nzima hakuna aliyesema kitu, ni maji tu yaliyokuwa yanasema.

Tuliamua kwenda kwa safari mbili. Mama aliyekuwa na mtoto mgongoni alibaki kwenye mawe na vikapu vyetu. Tukabaki 13: 7 kwanza, 6 baadaye. Papa alilalamika kidogo kuhusu muda, tukaongeza kitu kidogo, mambo yakaisha.

Dada wa Kampala alitukagua mmoja mmoja kama mama anayepeleka watoto shule. Alifunga kamba zote, kisha akashika jile mabegani na kulivuta juu. Likipanda mpaka masikioni, limelegea, funga tena. Alituambia vikwembe vifungwe juu ya magoti, tena kwa fundo linalofunguka haraka, kwa maana kitambaa kilicholowa kinafunga miguu kama kamba. Viatu vya kamba, si kandambili. Simu zibaki nje. Mama mmoja alificha yake kifuani hata hivyo. Simu hiyo haijaongea tena mpaka leo.

Halafu mtumbwi ukaondoka.

Tulifikiri wangeingia moja kwa moja kwenye povu. Hapana. Walikwenda pembeni, karibu kabisa na mawe, na tukashangaa kuona pale maji yanapanda badala ya kushuka. Nyuma ya kila jiwe kubwa maji yanageuka na kurudi, na Wagenia wanayatumia kama ngazi: wanapanda na maji yanayorudi, wanapumzika nyuma ya jiwe, kisha wa mbele anapiga kelele, wote wanapiga kafi kwa pamoja, na mtumbwi unaruka kuingia kwenye mkondo. Hapo ndipo moyo ulipanda shingoni. Pua ya mtumbwi ilitazama juu, mkondo ukatushika ubavuni, maji ya rangi ya chai yakaingia mpaka kwenye mapaja, na ng'ambo ikaanza kukimbia kuelekea kushoto. Tulipiga kelele. Mama Prezidenti, ambaye mnamfahamu kwa utulivu wake, aliita jina la marehemu mama yake mara tatu. Wanaume waliimba, na tulielewa baadaye kwamba wimbo si wa kutufurahisha sisi, ni wa kupanga mikono. Kisha tukaingia nyuma ya jiwe lingine, na kukawa kimya ghafula, kama umefunga mlango.

Tuliangaliana. Tukaanza kucheka, kicheko kile cha wasichana, mpaka mmoja akalia.

Kuvuka kwenda na kurudi hakukuchukua hata nusu saa. Hakuna aliyeanguka. Lakini tuliwaona wanaume wale hawakuwa na jile hata mmoja, na tulipowauliza walijibu kwamba maji haya yamewalea. Hatukuwa na jibu la kuwapa. Tuliona tu kwamba kila mmoja wao alikuwa na mahali pake, hakuna aliyekuwa amelewa, hakuna mzigo uliozidi, na mkubwa wao alipopaza sauti wote walitii.

Baadaye tulikaa chini ya mti na maboke ya samaki na lituma. Hapo ndipo mama wa Lubunga alipozungumza. Alisema, «Leo mmenivalisha jile, mmelivuta, mmelifunga, kwa sababu mto umeonyesha meno. Kesho saa kumi na moja asubuhi nitavuka kwenye maji tulivu, na magunia mpaka kwenye ukingo wa mtumbwi, na hakuna atakayeniuliza kitu.» Halafu akatueleza habari ya mdogo wake, ambayo wengi wetu hatukuijua. Alipanda balenieri iliyokuwa inateremka mto, usiku, taa hakuna, watu na bidhaa zimepandana. Hakukuwa na maporomoko yoyote mahali pale. Ilipinduka kwenye maji yaliyolala. Kilio kilifanyika bila mwili.

Hakuna aliyemaliza samaki wake haraka baada ya hapo. Tulianza kuhesabu: nani kati yetu amewahi kuvaa jile akivuka kwenda Lubunga? Hakuna. Nani amewahi kushuka kwenye mtumbwi uliojaa na kungoja mwingine? Wawili. Nani amewahi kuvuka na mtoto amefungwa mgongoni? Karibu wote.

Juu ya mtoto, dada alitueleza jambo ambalo tunaomba mlisambaze. Ukianguka majini na mtoto amefungwa mgongoni, jile lako linakugeuza uso juu, na mtoto anabaki chini ya maji. Mtoto akae mbele yako, kifuani, bila kufungwa, na jile la kimo chake. Jile la mtu mzima halimfai: anateleza na kutokea chini.

Sasa tufike kwenye maneno yenyewe. Siku ile ile, chini ya mti, mama mmoja alipendekeza likelemba ya mwezi ujao inunue majile ya chama, yakae kwa mmoja wetu karibu na kivuko, na kila anayevuka achukue na kurudisha. Wengine tulipiga makofi. Lakini mama ambaye zamu yake ya likelemba ndiyo inayofuata hakupiga makofi, na tusimhukumu: ana watoto watatu waliofukuzwa shule kwa sababu ya minervali, na amengoja zamu hiyo tangu mwaka jana. Alisema, «Mimi mto haujanichukulia mtu. Shule imenichukulia watatu.» Tulibishana mpaka jua likashuka. Wapo wanaosema kila mama atoe kidogo kidogo nje ya likelemba. Wapo wanaosema wenye mitumbwi ndio wanaopaswa kununua, kwani sisi tunalipa nauli. Wote wana haki kiasi fulani, na ndiyo maana shauri limebaki wazi. Litarudi mezani Jumapili, baada ya sala, kwenye uwanja ule ule. Njoni, hata ninyi msiovuka.

Kwa chama kingine kinachotaka kwenda Wagenia: nendeni. Chagueni siku ambayo mvua kubwa haikunyesha usiku, ingieni asubuhi, msizidi idadi ya majile, na anayeogopa asilazimishwe. Kwenye mawe kuna mengi ya kuona na vikapu vinahitaji mlinzi.

Yale majile 8 yalirudishwa Jumatatu. Kwa kweli ni 7 yaliyorudishwa. La nane liko kwa mama wa Lubunga, mwenye mali alikubali kumwachia mpaka mwisho wa mwezi. Siku ya kwanza alipolivaa kivukoni vijana walimpigia miluzi na kumwuliza kama anaenda Ulaya. Siku ya pili pia. Siku ya nne mama mwingine, asiye wa chama chetu, alimwuliza linapatikana wapi na ni bei gani.