Hesi ya Kifaransa

Baiskeli ya Jjajja, bibi jirani yetu, haikuharibiwa na fundi. Niliiharibu mimi, kwa mikono yangu, fundi akiwa amesimama pembeni ananikataza. Kisha nikawaambia majirani zangu wa maghorofa ya Bugolobi, hapa Kampala, kwamba aliyeiharibu ni yeye. Walioniamini ni wengi, na wako ambao hadi leo hawajasikia kutoka kinywani mwangu neno la kukanusha. Nalisema sasa, na nitaeleza mambo yalivyokuwa, kwa sababu nikisema tu kwamba nilikosea, mtu atadhani ilikuwa bahati mbaya. Haikuwa bahati mbaya.

Baiskeli yenyewe ni Helyett ya mbio za barabarani, ya miaka ya 1950. Kampala ni wachache waliowahi kulisikia jina hilo, na hata Ufaransa kwenyewe Peugeot na Gitane ndizo zinazokumbukwa. Lakini Helyett, ya Sully-sur-Loire, mji mdogo kando ya mto Loire, haikuwa jina la kupuuzwa. Jacques Anquetil, ambaye hadi anastaafu alikuwa ameshinda Tour de France mara 5, aliendesha katika timu ya Helyett kwenye nusu ya pili ya miaka ile. Hii ya Jjajja ina breki za Mafac kutoka Clermont-Ferrand, kibadilisha gia cha Simplex kutoka Dijon, na krenki za Stronglight kutoka Saint-Étienne. Hakukuwa na kifaa kilichobadilishwa. Kila kipande kilikuwa kile ilichotoka nacho Ufaransa.

Marehemu mume wa Jjajja alikuwa mwalimu upande wa Masaka. Baiskeli aliachiwa na padri Mfaransa aliyekuwa anarudi kwao moja kwa moja. Wafaransa na Buganda ni habari ya zamani: Mapadri Weupe walifika mwaka 1879, na Père Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, anatajwa hadi leo kama mtu wa nyumbani. Mwalimu aliipanda kwenda shuleni kwenye barabara za udongo mwekundu, baiskeli iliyoundwa kwa ajili ya lami, na haikumwangusha. Familia ilipohamia Bugolobi ilikuja nayo. Alipofariki, ikabaki kwenye roshani chini ya turubai, tairi zimeoza, rangi ya kijani bado inaonekana ukiifuta vumbi.

Mimi niliiona baada ya Septemba 2025, mwezi ambao mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika. Kila aliyependa baiskeli katika ukanda huu alikuwa na moto ndani yake, nami nilikuwa nao. Nilimwomba Jjajja anikabidhi nimtengenezee, mjukuu wake aipande. Akakubali, kwa sharti moja: isibadilishwe. Alitaka mjukuu apande kile alichopanda babu yake.

Nilimpelekea fundi wa nyuma ya soko. Ni mzee aliyekulia Busia, na ujanani alibeba abiria kwa baiskeli kati ya kituo cha mpaka cha Kenya na kile cha Uganda, kazi ile iliyozaa jina la bodaboda kabla pikipiki hazijaitwaa. Siku zote hutengeneza Roadmaster, Hero za India, na baiskeli za watoto wa maghorofani. Mkononi mwake hamkuwahi kupita Helyett, na hakujifanya kwamba iliwahi kupita. Ila niliona mapema jinsi anavyofanya kazi. Tulipotaka kung'oa krenki nilimletea chombo cha kung'olea nilichokuwa nacho, cha kipimo cha kawaida, milimita 22. Alikiingiza, akakitikisa, akakitoa. Akasema kinacheza, tukikivuta hivyo kitakula hesi ya krenki. Nilipotafuta nikakuta ni kweli: Stronglight wana kipimo chao, milimita 23.35. Akaenda Katwe kwa mtu wa mashine ya kukereza, akarudi na chombo kilichochongwa kwa kipimo hicho, na krenki zikatoka bila mkwaruzo. Siku ile nilimsifu mbele ya wateja wake.

Sasa nieleze hesi, yaani zile nyuzi zinazochongwa kwenye chuma ili kipande kimoja kijifunge ndani ya kingine, maana bila kuielewa huwezi kuona uzito wa nilichofanya.

Chini ya fremu, pale mabomba yanapokutana, kuna bomba fupi linalopitisha ekseli ya krenki. Pande zake mbili hufungwa vikombe vya chuma vyenye hesi kwa nje, na ndani ya vikombe hukaa gololi. Kwa Mwingereza, kikombe cha upande wa cheni kina hesi ya kushoto: ukitaka kukifungua unageuza kulia, kinyume na bolti nyingi unazozijua. Sababu ni kwamba mzunguko wa gololi hukisukuma kikombe hicho taratibu kuelekea upande mmoja, na hesi ya kushoto hukizuia kisilegee. Mfaransa hakufuata njia hiyo. Vikombe vyake vyote viwili vina hesi ya kulia, na ili kile cha upande wa cheni kisijifungue njiani, kilitakiwa kukazwa kwa nguvu kubwa sana. Vipimo navyo si sawa. Cha Kifaransa kina kipenyo cha milimita 35 na milimita 1 kati ya uzi na uzi. Cha Kiingereza ni inchi 1.37, yaani karibu milimita 34.8, na nyuzi 24 kwa kila inchi. Jicho halioni tofauti hiyo. Hata ukipima hujamaliza, kwa sababu Waswisi walichukua kipimo kilekile cha Kifaransa, 35 kwa 1, ila upande wa cheni wakaigeuza hesi kuwa ya kushoto. Na ziko Motobécane, baiskeli za Kifaransa kabisa, zenye hesi ya Kiswisi. Kwa hiyo mwisho wa yote ni mkono. Unajaribu kidogo huku, unajaribu kidogo kule, unahisi chuma kinaitika wapi.

Fundi alifanya hivyo hasa. Mimi nilikuwa nimeshaamua. Kwenye fremu, chini kidogo ya siti, kulikuwa na kibandiko kilichochakaa chenye namba 531. Hiyo ni namba ya mabomba ya Reynolds, kampuni ya Birmingham, yaliyoanza kuuzwa mwaka 1935 na kusifiwa kwa wepesi na uimara. Nikajiambia: bomba la Kiingereza, hesi ya Kiingereza. Sikuuliza kwa nini maneno yote yaliyozunguka namba ile yalikuwa ya Kifaransa. Reynolds iliwauzia Wafaransa mabomba ya vipimo vyao, vya milimita, na Wafaransa wakakata hesi zao wenyewe. Kibandiko kinasema chuma kimetoka wapi. Hakisemi kitu kuhusu hesi.

Fundi alikuwa amekiloweka kikombe kwa mafuta tangu jana yake. Aligeuza kulia kidogo, akasita. Akageuza kushoto kidogo, akasita. Akasema, "Kulia kinakaza. Hiki kinafunguliwa kushoto, lakini si leo. Tukiongezee mafuta, kesho tukipashe moto."

Nikamwonyesha simu. "Mzee, upande wa cheni ni kulia. Imeandikwa hapa."

"Aliyeandika hajaishika hii."

Nikarudia kwamba ni kulia. Akaniwekea spana mkononi. "Mimi sigeuzi. Baiskeli ya watu."

Nilichukua kipande cha bomba kilichokuwa pale, nikakichomeka kwenye mkia wa spana ili nipate nguvu zaidi, nikageuza kulia. Kikombe kilizunguka, nami nikafurahi, nikidhani kimefunguka. Kumbe hesi ndani ya fremu ndiyo iliyokuwa inakatika. Niliona chembe za chuma zinang'aa kwenye mafuta, nikaendelea. Hapo ndipo ninapojihukumu zaidi ya mahali pengine katika kazi ile: niliziona, nikaendelea, kwa sababu kusimama kungekuwa kukubali mbele ya kijana wake wa kazi kwamba mzee alikuwa sahihi. Mdomo wa kikombe ukakatika. Fundi hakusema neno. Alifuta meza.

Jioni ile Jjajja aliniuliza baiskeli imefikia wapi. Nikamjibu kwamba fundi ameiharibu, amelazimisha hesi. Sikujiandaa kulisema, lilitoka lenyewe, na likakaa vizuri mdomoni. Usiku nilisoma vizuri kile nilichokuwa nimekisoma nusu, nikakuta habari za hesi za Kifaransa, nikaelewa yote. Kama ningempigia Jjajja hodi asubuhi, lingekuwa kosa la saa chache. Sikumpigia.

Uongo ulianza kutembea wenyewe. Kwenye kundi la WhatsApp la maghorofa yetu, mama mmoja aliulizia fundi wa baiskeli ya mtoto. Jirani akamjibu kwamba yule wa nyuma ya soko asimpelekee, ameharibu baiskeli ya Jjajja ya kumbukumbu. Wengine wakashukuru kwa kuonywa. Nilisoma yote, nikaizima simu.

Nikawa napita kibandani kwake nikienda kununua ndizi. Baiskeli zilizokuwa zinasubiri zilipungua, kisha yule kijana wa kazi hakuwepo tena. Nilimsalimu, akaitika. Muda wote ule hakumwambia mtu upande wake wa habari. Baadaye nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Ningemwambia nani? Wewe unakaa nao. Mimi nakaa nyuma ya soko."

Jibu hilo linaeleza kwa nini uongo wangu ulikuwa rahisi hivyo. Nilijua wataniamini. Mimi ni mpangaji mwenzao, nina ofisi, naweza kutaja Anquetil na Reynolds kwa miaka na vipimo. Yeye ana mikono yenye girisi. Hakuna aliyeniuliza nani alishika spana, na nilitegemea hilo tangu sentensi ya kwanza. Sisi tunaosoma tunakosea tunapodhani kwamba mtu asiye na maneno ya kitu hana ujuzi wa kitu. Hesi ile ilimwambia ukweli alipoigusa mara mbili. Mimi nilikuwa na kurasa nzima na sikusikia.

Nilipoamua kusema ukweli, nilimwendea Jjajja kwanza. Nilimweleza nikiwa nimepiga magoti, kama inavyompasa mtu anayemkosea mzee. Alinyamaza muda mrefu. Hakuuliza habari ya baiskeli. Aliuliza, "Yeye umeshamwambia?"

Nilikwenda kibandani siku hiyohiyo. Nilimwomba radhi, nikatoa pesa kufidia kazi aliyoikosa. Alizirudisha. "Pesa ya kazi utanilipa nikifanya kazi. Jina langu hukuliharibia hapa. Nenda ulitengeneze kule ulikoliharibia."

Kazi aliifanya. Alikipasua kikombe kilichokatika kwa msumeno mwembamba bila kugusa fremu, akakitoa kwa kukigeuza kushoto, upande ule aliokuwa ameutaja tangu mwanzo. Hesi ya ndani ilikuwa imeliwa kiasi ambacho kikombe kingine cha Kifaransa, hata tungekipata, kisingeshika. Njia zilibaki mbili: kulipanua bomba na kukata hesi ya Kiitaliano, ambayo ni pana zaidi, milimita 36, au kuagiza ekseli isiyohitaji hesi, inayojibana yenyewe kutoka pande zote mbili za bomba. Alichagua ya pili. Alisema ya kwanza inaondoa chuma, na chuma kikishatoka hakirudi. Ekseli iliagizwa kutoka nje kwa gharama yangu, akaifunga. Pedeli aliziacha zilezile, za hesi ya Kifaransa ya milimita 14, akabadilisha gololi na girisi tu. Mjukuu sasa anaipanda hadi Luzira na kurudi.

Lakini sharti la Jjajja nimelivunja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viwanda vya Ufaransa vilikuwa tayari vinaiacha hesi hiyo na kufuata ya Kiingereza, kwa hiyo fremu zilizobaki nayo nzima zinapungua tu. Hii ilivuka bahari na barabara zote za Masaka ikiwa nayo, ikaja kuipotezea Bugolobi, mikononi mwa mtu aliyejitangaza kuwa anaipenda.

Majirani zangu, kibanda chake kiko palepale nyuma ya soko. Mpelekeeni baiskeli za watoto wenu, na akiwaambia subirini hadi kesho, subirini. Mama uliyeonywa kwenye kundi letu, onyo lile lilitokana na uongo wangu. Ujumbe wa kulifuta nimeuandika hukohuko, kwa jina langu. Na kila mtu uliyempa habari yangu ya kwanza, nakuomba umpe na hii.