Tuliandika Sita

Mwaka jana nilipewa kazi ya kuandika majina ya jamaa yetu kwa ajili ya mituweli, ule mfuko wa kusaidiana gharama za ugonjwa, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Mchango ulihesabiwa kwa kichwa, na kanuni ilidai nyumba nzima iandikwe, asiachwe mtu. Tulikuwa saba. Fedha aliyotutumia mjomba kutoka machimbo ya Walikale iliwatosha watu sita. Mama alinyamaza, baba akatazama moto, nami nikaandika sita. Jina la nyanya halikuwamo.

Kijiji chetu kiko upande wa Nyabiondo, kwenye barabara itokayo Masisi kuelekea Walikale. Nyanya ana tansio, ugonjwa usioponywa kwa dawa ya juma moja; hudai kidonge kila siku, maisha yote. Tangu 2007 Madaktari Wasio na Mipaka wamesaidia hospitali kuu ya Masisi, na wengi wetu tu hai kwa sababu hiyo. Lakini msaada wa wakati wa vita hutazama kwanza jeraha la risasi, mtoto mwenye utapiamlo, mama mwenye uchungu wa kuzaa. Kidonge cha nyanya tulikinunua wenyewe, na mfuko ulipokuwa mtupu hatukukinunua.

Mageuzi ya serikali nayo yamefuata njia hiyo. Sheria ya afya ya Desemba 2018 iliweka misingi ya huduma kwa wote, na Septemba 2023 kazi ilianzia Kinshasa kwa uzazi bila malipo. Siwalaumu waliochagua hivyo. Nchi yetu huzika akina mama wengi mno. Ila jioni ile redio ilipotangaza habari hiyo, nyanya, aliyezaa mara tisa, aliuliza: «Na sisi tuliokwisha kuzaa?» Tulicheka sana. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2006 kinawapa wazee haki ya ulinzi wa pekee. Lakini pensheni humfuata mwenye karatasi ya mshahara, na nyanya amelima maharagwe tangu usichana wake bila karatasi yoyote.

Mwezi wa Julai, katika Siku ya Mababu na Wazee aliyoianzisha Papa Fransisko mwaka 2021, sisi vijana tuliwaimbia wazee kanisani na kuwapa maua. Nyanya aliketi benchi la mbele. Wakati huo alikuwa amekwisha kuanza kukata vidonge vyake katikati ili vifike mwisho wa mwezi, wala hakutuambia.

Asubuhi moja ya masika alianguka karibu na mafiga, mdomo umepinda. Wenzangu wanne wa Kiro walimbeba kwa kipoyi, mwendo wa saa tatu katika matope. Kwenye kituo cha afya mpokea fedha alifungua kadi yetu, akashuka na kidole chake jina kwa jina, kisha akauliza: «Mzee huyu si wa nyumba yenu?» Baba alinitazama. Nikasema ni wetu. Tuliuza mbuzi na mtoto wake, na deni lililobaki tunalipa hadi leo.

Nimekwisha kuungama jambo hili. Ninaliandika hapa kwa sababu nilipowaeleza wenzangu katika shirika letu, wawili waliinamisha vichwa: nao walikuwa wameandika orodha za nyumbani kwao. Sisi tuliosoma ndio tunaoshika kalamu. Mabwana wakubwa wa Kinshasa hawakumfuta nyanya. Alifutwa mezani petu, kwa mkono wangu.

Nilidhani hajui. Lakini siku ile kwenye kipoyi, ingawa hakuweza kusema, masikio yake yalikuwa mazima. Sauti ilipomrudia, aliomba nimsomee kadi. Nikasoma majina yote sita, polepole, naye akaitikia kwa kichwa kila jina, kama ahesabuye watoto wanaovuka mto. Nilipomaliza akakaa kimya kidogo, kisha akauliza kama mbuzi tuliyemwuza alikuwa yule mweusi.