Ndoo, Kigoda na Mwalimu wa Mombasa

Mjomba wangu alijifunza kunyanyua vyuma kwa posta. Ilikuwa Tanga, miaka ya sabini, yeye akiwa karani wa reli na mimi mtoto wa kutumwatumwa pale nyumbani Ngamiani. Mwalimu wake alikuwa Uingereza. Kwanza ilikuja fomu: andika kipimo cha shingo, cha kifua ukiwa umevuta pumzi na ukiwa umeishusha, cha mkono, cha paja, cha kigimbi, andika kazi yako, magonjwa uliyowahi kuugua, saa unazolala. Mama ndiye aliyempima, kwa utepe wake wa kushonea. Bahasha ikaenda, zikapita wiki nyingi, ikarudi barua ya mazoezi na chini yake mistari michache ya kalamu ya wino iliyomhusu yeye peke yake. Mmoja naukumbuka kwa sababu aliusoma kwa sauti na nyumba nzima ikacheka: apunguze kazi ya mikono aongeze ya miguu, maana miguu ile haikuwa ya mtu mwenye kifua kile.

Vyuma vyenyewe alivitengeneza kwa makopo mawili ya samli yaliyojazwa zege, bomba la maji likipita katikati. Jioni vijana wa mtaani walijaa uani kupiga tizi, mnene na mwembamba, aliyeanza jana na aliyeanza mwaka juzi, wote kwenye uzito uleule, kwa kuwa zege likishakauka halipunguzwi wala haliongezwi.

Ukubwani nilikuja kusoma kwamba mtindo wa mjomba ulikuwa mkongwe. Eugen Sandow, Mprusi aliyezaliwa Königsberg mwaka 1867, alifungua taasisi yake ya mazoezi London mwaka 1897, na aliyekuwa mbali aliweza kumpelekea vipimo vyake akaandikiwa mazoezi ya kumfaa. Baadaye Charles Atlas kule Marekani akauza masomo 12 kwa posta, bila chuma hata kimoja, msuli ukishindana na msuli mwenzake. Masomo hayo yalikuwa yameshachapwa yakingoja mnunuzi. La tano la fundi wa Chicago ndilo hilohilo la tano la kijana wa Bombay.

Dada yangu mkubwa aliolewa Unguja, na shemeji alikuwa na ndugu Muscat. Kwa njia hiyo ikafika deki ya video, na pamoja nayo kanda ya mazoezi ya Jane Fonda, ile iliyotoka Marekani mwaka 1982. Bara hatukuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Unguja walikuwa na yao tangu miaka ya sabini. Basi kila likizo nilivuka maji kwenda kufanya mazoezi na runinga. Mlango unafungwa, pazia linashushwa, tuko wanawake watano sita na kanga zetu juu ya suruali za kulalia, shangazi yake shemeji mstari wa mbele na magoti yake yaliyovimba. Tulicheka mno. Anayedharau kanda zile hajui ilikuwaje kwa mwanamke wa mji ule kupata nusu saa ya kutoka jasho pasipo mwanamume kumtazama.

Ila bibi yule wa kwenye kioo alituhesabia tu, hakutuona. Shangazi alishuka mpaka pale magoti yalipomruhusu, mimi nikashuka mpaka chini, na hesabu ikaendelea. Barua ya mjomba ilichelewa njiani lakini ilikuwa imemjibu mtu. Kanda haikuwa na wa kumjibu.

Kilichofuata kwa miaka mingi kilikuwa kanda ileile, chombo tu kikibadilika. Kariakoo zikauzwa CD zilizonakiliwa za P90X, siku 90 za Wamarekani wenye matumbo kama ubao wa kufulia. Ikaja intaneti ya kwenye simu, na picha za "changamoto ya siku 30" zikaanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Leo kuchuchumaa mara hamsini, kesho hamsini na tano, siku ya nne pumzika, mwisho wa mwezi mia mbili na hamsini. Katika mipango yote ya namna hiyo niliyowahi kuiona, unaonivutia bado ni wa zamani zaidi: 5BX, ambao Bill Orban aliuandalia Jeshi la Anga la Kanada katika miaka ya hamsini. Mazoezi 5, dakika 11 kwa siku, na majedwali yaliyopangwa kwa umri. Hupandi ngazi mpaka uimudu ile uliyosimama juu yake. Baadhi ya mazoezi yake walimu wa leo wameyaacha, lakini mtunzi angalau alijua kwamba mwanajeshi wa miaka ishirini na wa miaka hamsini si mtu mmoja.

Mwaka 2020, korona ilipoingia, ofisi yetu ya kugomboa mizigo bandarini Dar ilitugawa kwa zamu, na sisi tuliobaki nyumbani tukarudi mbele ya kioo. Tarehe 24 Machi mwaka ule Mwingereza Joe Wicks alifundisha mazoezi moja kwa moja kwenye YouTube, na kaya 955,185 zikamtazama kwa wakati mmoja. Imeandikwa kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness. Mtoto wa jirani yangu alikuwa mmoja wa waliofuata mazoezi ya namna hiyo tangu mwanzo wa mwaka, na alinawiri hasa. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Mwili wa umri ule ukiuambia lolote unasikia.

Wangu ulikuwa umepita hamsini. Nilikuwa na presha ya kumeza dawa, mgongo uliokaa miaka thelathini kwenye kiti cha ofisi, na hedhi ilikuwa imekoma, jambo ambalo daktari alinieleza bila kuzungukazunguka: homoni ya estrojeni ikishuka, mifupa huanza kupungua uimara kwa kasi, na kuizuia kunataka mzigo, si kutembea peke yake. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima afanye mazoezi ya nguvu walau siku mbili kwa wiki, mbali na yale ya kutoa pumzi. Sasa changamoto ya siku 30 huongeza idadi kwa kufuata kalenda, wala haigusi uzito. Uzito mwepesi hukuza misuli pia, mradi usukumwe mpaka karibu na kikomo, lakini nguvu yenyewe, ile ya kuinua gunia la mchele kutoka sakafuni, huja kwa kuinua kizito. Na anayeinua kizito peke yake chumbani, akiwa na mgongo kama wangu, anahitaji mtu wa kumwangalia.

Mpwa wangu aliyeko Muscat ndiye aliyeniunganisha na mwalimu. Yeye anaishi Mombasa, umri wake ni wa binti yangu wa kwanza, na mpaka leo hatujaonana ana kwa ana. Namlipa kwa M-Pesa; fedha inavuka mpaka wa Horohoro, mimi nimekaa.

Simu ya kwanza nilitegemea nitapewa mazoezi. "Shikamoo mama," akasema, "nyumba yako ina viti vya namna gani?" Nikamwambia. Akataka vipimo. Kiti cha meza ya kulia sentimita 45, kigoda cha jikoni 38. Akauliza ngazi ni ngapi hadi ghorofani, maji nachota wapi, nalala saa ngapi, joto la usiku linaniamsha au haliniamshi, nani mwingine anaishi pale. Kisha: "Weka ndoo ya maji sakafuni, weka simu kwenye stuli upande wako wa kushoto, uinue kama unavyoinua kila siku. Usijipange." Nikamtumia klipu. Jibu likaja kwa ujumbe wa sauti, jogoo wa kwao akiwika nyuma: "Mama, nyonga yako haifanyi kazi. Mgongo ndio unaokunja, mgongo ndio unaokunjua. Tunaanzia hapo."

Wiki za mwanzo zilikuwa za kurudisha makalio nyuma hadi yaguse ukuta, na kuketi kwenye kile kiti cha 45 na kusimama bila kujitupa. Hakuna chuma. Halafu ikaja ndoo ya lita 20, na hapa nilimvulia kofia. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mwenye ndoo, bomba na chupa ya lita moja na nusu ana seti nzima ya vyuma vinavyopanda kilo moja na nusu kwa wakati, na vinavyoshuka pia siku mwili ukikataa. Makopo ya mjomba hayakuweza hivyo. Wala vyuma vingi vya jimu haviwezi, maana hurukia kutoka kilo kumi hadi kumi na mbili na nusu na kukuacha katikati.

Kila nilipomaliza seti aliniuliza swali moja: "Umebakiza ngapi?" Yaani, kama ningelazimishwa, ningeweza kuinua mara ngapi zaidi kabla ya kushindwa. Nikisema tatu au nne, wiki inayofuata chupa moja inaongezwa. Nikisema sifuri, maji yanabaki palepale. Kwanza nilimdanganya kwa heshima, kama unavyomwambia mwenyeji umeshiba, akaitazama klipu, akaona kasi yangu haijapungua hata kidogo mpaka ya mwisho, akaniambia, "Hii si mbili, mama. Hii ni sita." Kupanga mzigo kwa kumtazama mtu badala ya kalenda hakukuanzia Mombasa. Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, aliwatibu askari waliovunjika miguu kwa kutafuta uzito ambao kila mmoja aliweza kuuinua mara kumi tu, na kuutafuta upya kila wiki. Aliuchapisha utaratibu wake mwaka 1945.

Kuna mambo ambayo mpango wa wote hauwezi kuyajua hata ukiandikwa na bingwa. Ramadhani ilipoingia, mwalimu alipunguza seti kabla sijafungua mdomo, akahamishia mazoezi baada ya tarawehe, tumbo likiwa limetulia na maji yameshanywewa. Wiki ya arusi ya mwanangu alinipa kubeba madumu mawili kutoka bombani hadi jikoni na si zaidi ya hapo, kwa kuwa nilikuwa nimesimama kutwa. Begani maumivu yalipokuja hakujitia tabibu. Alinituma kwa mtaalamu wa fiziotherapia hapa Dar, akasubiri majibu, ndipo akapanga upya.

Jambo la faragha lilinisumbua kuliko yote. Kanda haikuombi picha. Mwalimu wa mbali anakuomba, na mimi si mwanamke wa kupeleka picha zangu nikiwa nimeinama kwa mtu nisiyemjua. Tulikubaliana: nguo ya kubana niivae ndani ya nyumba tu, uso usionekane, klipu azitazame na kuzifuta, nami nizifute kwangu. Kama angekuwa mwanamume nisingeanza. Najua wanawake kadhaa ambao kwao hoja inaishia hapo, wanarudi kwenye kioo kisichowaona, na sioni cha kuwalaumu.

Siwezi pia kumshauri kila mtu alipe. Wanaojiita makocha wa mtandaoni ni wengi, na neno "mpango wako binafsi" limekuwa bidhaa ya rejareja. Wenzangu watatu ofisini walimlipa mmoja kwa siku tofauti. Walipoweka simu zao mezani, faili lilikuwa moja, majina tu yamebadilishwa juu. Mmoja wao hali mayai tangu utotoni, na alikuwa ameandikiwa sita kwa siku. Hapo bora uchukue ya bure ya YouTube ubaki na fedha yako. Mwalimu wangu alinifundisha kipimo chake mwenyewe: kocha asiyekuuliza swali baada ya wiki ya kwanza amekuuzia karatasi.

Na ushahidi ninaouamini zaidi unahusu macho ya mtu. Huko Australia watafiti waliwachukua wanawake waliokoma hedhi, wenye mifupa iliyopungua uimara, wakawafundisha kuinua vizito hasa, zaidi ya asilimia 85 ya uwezo wao wa juu, nusu saa mara mbili kwa wiki kwa miezi minane. Mifupa ya uti wa mgongo iliimarika. Lakini walikuwa wakisimamiwa chumba kimoja na mwalimu, na hilo ndilo simu haijaweza. Mkono wa kuzuia ndoo inapoteleza hautoki Mombasa. Ndiyo sababu hatujawahi kuikaribia asilimia hiyo, na mwalimu wangu akaniambia hatutaikaribia nikiwa peke yangu.

Sasa nachuchumaa hadi kwenye kigoda cha 38, ndoo imejaa pomoni kifuani. Mchele wa gunia la kilo 25 nauhamisha mwenyewe. Shoga zangu wa kikoba waliona, wakaniomba mazoezi. Nikawapelekea ujumbe wa mwalimu kama ulivyo, kwa nia njema. Nao wakaupeleka kwa wengine.

Mwezi uliopita mwalimu alinipigia akicheka hata maneno hayatoki. Mteja mpya, mwanamke wa Tabora, alikuwa amemtumia mpango aliokuwa akiufuata kabla, ili aonyeshe alikoanzia. Kichwa chake kiliandikwa kwa herufi kubwa: SIKU 30 ZA KUONDOA MAUMIVU YA MGONGO. Zoezi la kwanza lilikuwa kuketi kwenye kiti cha sentimita 45, kisha kigoda cha 38, kisha ndoo, chupa kwa chupa. Mama wa watu alikuwa amemwita seremala amchongee kigoda cha kipimo hicho. Na siku ya ishirini na sita ilisema: "Leo madumu mawili tu, jikoni na kurudi, una arusi."

"Akaniuliza," mwalimu akasema, "kama asiye na arusi afanye nini."