Usiku mmoja Schiphol na haki ya mtoto mwenye tiketi

Uwanja wa ndege wa Schiphol, nje kidogo ya Amsterdam, umejengwa mahali palipokuwa ziwa. Waholanzi walilikausha kwa pampu za mvuke, kazi ikakamilika mwaka 1852, na hadi leo ndege hutua hapo mita tatu hivi chini ya usawa wa bahari. Mvulana wa miaka tisa alikuwa anamweleza mama yake habari hizo, walivyozifundishwa shuleni, Ijumaa moja ya Desemba wakisubiri ndege ya kwenda Kilimanjaro. Mama alikuwa anaitikia tu. Macho yake yalikuwa kwenye ubao wa ratiba.

Mama huyo ni wa Moshi, anaishi Utrecht. Alikuwa na watoto watatu: mvulana huyo, binti wa miaka sita na mdogo wao wa kupakatwa. Kesho yake mchana mdogo wake mama alikuwa anafunga ndoa kanisani Moshi, na binti wa miaka sita ndiye aliyepangiwa kutangulia mbele na kikapu cha maua. Gauni lake jeupe lilikuwa kwenye begi la mkononi, limekunjwa ndani ya taulo lisijikunje.

Ndege ilikuwa iondoke saa nne asubuhi. Ubao ukasogeza saa tano, kisha saa saba. Saa nane mchana likatokea neno moja kwa maandishi mekundu: imefutwa. Sababu iliyotolewa ni hitilafu ya kiufundi. Safari mpya, kesho saa nne.

Kwa mzazi mwenye watoto, Schiphol si mahali pabaya pa kukwama. Jengo la abiria ni moja tu, kwa hiyo hakuna kuhangaika na mabasi ya kutoka jengo hili hadi lile. Ukishapita ukaguzi wa pasi kuna maktaba ndogo ya bure, yenye vitabu vya waandishi wa Kiholanzi vilivyotafsiriwa kwa lugha nyingi, na jirani yake jumba la makumbusho la Rijksmuseum limeweka chumba chake cha michoro. Lakini watoto hawashibi michoro. Kufikia saa kumi jioni mdogo alikuwa analia, nepi zimebaki mbili, na foleni ya kaunta ya shirika imezunguka nguzo mara mbili.

Alipofika mbele, mhudumu alikuwa mpole. Alimpa vocha za chakula, akamwandikia hoteli, kisha akasogeza karatasi: fidia ya vocha ya safari ya euro 300 kwa kila abiria, atie sahihi hapa. Mama alishika kalamu. Pembeni, mzee aliyekuwa akisukuma mkokoteni wa usafi, mtu wa Bukavu ambaye amemsikia akiwatuliza watoto kwa Kiswahili, alisema kwa sauti ya chini: “Mama, usisinye kwanza. Beba karatasi, uisome.”

Ushauri wa mzee ulikuwa na thamani ya fedha nyingi. Umoja wa Ulaya una Kanuni namba 261 ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Februari 2005. Inasema ndege ikifutwa bila abiria kuarifiwa siku 14 kabla, naye akachelewa kufika, anastahili fidia ya fedha: euro 250 kwa safari isiyozidi kilomita 1,500, euro 400 kwa safari za kati, na euro 600 kwa safari ndefu zinazotoka nje ya Umoja huo na kuzidi kilomita 3,500. Amsterdam hadi Kilimanjaro ni zaidi ya kilomita 6,000. Fidia hulipwa taslimu, kwa hundi au kwa benki. Vocha ni mpaka abiria mwenyewe akubali kwa sahihi yake, na akishakubali ni vigumu kurudi nyuma.

Mwaka 2009 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba hata ndege ambayo haikufutwa, bali imefika ikiwa imechelewa saa tatu au zaidi, inadaiwa vilevile. Saa huhesabiwa pale mlango wa ndege unapofunguliwa, si pale magurudumu yanapogusa ardhi. Dakika kumi za kusubiri ngazi zinaweza kuwa ndizo zinazoamua, kwa hiyo piga picha ya saa mlango ukifunguka.

Uraia hauulizwi. Mtanzania, Mkongo na Mholanzi wako sawa. Kinachoulizwa ni njia. Safari inayoanzia uwanja wa Umoja wa Ulaya inalindwa kwa shirika lolote, hata la Ghuba linalopitia Doha au Dubai, mradi tiketi ni moja hadi mwisho. Safari inayotoka Dar es Salaam au Nairobi kwenda Ulaya inalindwa endapo shirika ni la Ulaya. Ndiyo maana familia moja inaweza kuwa na haki wakati wa kwenda nyumbani, ikaikosa wakati wa kurudi kwa shirika lilelile. Uingereza, baada ya kujitoa kwenye Umoja, imebaki na sheria yake inayofanana na hiyo, kwa paundi.

Usiku huo mama alilala hoteli kwa sababu ana kibali cha kuishi. Vijana wawili waliokuwa wameunganisha ndege kutoka Marekani, wasio na viza ya Schengen, hawakuweza kutoka nje. Haki ya kulazwa wanayo, ila inabidi itafutwe nafasi ndani ya eneo la abiria wa kupita, na Schiphol ina hoteli humo. Chakula, malazi na usafiri wa kwenda hotelini shirika linadaiwa hata kama kosa si lake. Volkano ya Iceland ilipofunga anga la Ulaya mwaka 2010, mahakama baadaye ilisema hivyo hivyo. Kama hakuna vocha, nunua kwa kiasi na utunze risiti, za nepi pia.

Fidia ndiyo inayoweza kukataliwa, kama sababu ni dhoruba, usalama au mgomo wa waongoza ndege. Wiki tatu baada ya kurudi Utrecht, mama alijaza fomu ya shirika, akaambatisha tiketi na kadi za kupandia ndege. Jibu lilikuja fupi: hitilafu ilikuwa “hali isiyo ya kawaida”, poleni sana. Wengi huishia hapo, na mashirika yanalijua hilo. Yeye aliandika tena, akataja kwamba mahakama hiyohiyo iliamua mwaka 2008 kuwa ubovu wa mitambo kwa kawaida ni sehemu ya kazi ya kila siku ya kurusha ndege. Hakupitia kampuni za kudai kwa niaba, ambazo hukata fungu nono kwa barua ambayo mtu anaweza kuiandika mwenyewe. Aliwahi pia muda: Uholanzi dai hufa baada ya miaka miwili, Ubelgiji mwaka mmoja, Ufaransa mitano.

Zililipwa euro 1,800, za watu watatu. Mtoto aliyelipiwa tiketi huhesabiwa sawa na mtu mzima. Wa kupakatwa, aliyesafiri bure, hakupata kitu.

Harusi ilikuwa imepita. Walitua Kilimanjaro Jumamosi usiku, wakaingia ukumbini Moshi ndafu ikiwa imeshakatwa na wazee wanatafuta funguo za magari. Binti alivalishwa gauni lake chooni, akatembea kutoka mlangoni hadi meza ya maharusi akiwa na kikapu kitupu, kwa sababu maua yalikuwa yametumika mchana. Shangazi zake wakapiga vigelegele.

Fedha zilipoingia, kaka yake aliuliza swali moja tu: kama sheria inasema 600 ni za kila abiria, zake ziko wapi? Mama akasema zimewekwa. Bado anaulizwa zimewekwa wapi.