"Kuseti" Breki: Istilahi Zilizomo Gereji

Tunapojadili uundaji wa istilahi, aghalabu tunaanza na kamusi na kuishia kwenye kamusi. Likizo iliyopita nilishinda siku kadhaa katika gereji moja ya Karatina, si mbali na Nyeri, na niliyoyasikia huko yamenifanya niitazame mada hii upya.

Gari dogo la Kijerumani lilikuwa limeharibikiwa moduli ya breki za ABS, yaani kifaa kinacholinganisha kasi ya magurudumu na kupunguza shinikizo la mafuta ya breki gurudumu linapokaribia kujifunga, ili dereva asipoteze usukani. Mfumo huo uliingia sokoni mwaka 1978, Bosch walipoutia katika magari ya Mercedes-Benz. Moduli mpya, hata ikikazwa sawasawa, haikubali kazi mpaka mashine ya uchunguzi ichomekwe katika soketi ya pini 16 iliyo chini ya dashibodi, nayo iandikiwe namba ya gari yenye tarakimu na herufi 17, pamoja na aina ya injini na gia.

Mwanagenzi alifanya hayo, kisha akatangaza: "Mzee, nimeseti."

"Umeseti nini?"

Kijana akanyamaza. Skrini ilitaja kazi tatu kwa maneno matatu ya Kiingereza, lakini lugha ya gereji ilikuwa imeyameza yote kwa kitenzi kimoja. Mzee akayatenganisha: "Umeitambulisha tu kwa gari. Hujainyoosha, wala hujaitoa hewa."

Kuinyoosha ni kukifunza kihisi cha usukani mahali ambapo magurudumu yanatazama mbele. Kuitoa hewa ni kuiamuru pampu, kwa mashine ile ile, isukume nje hewa iliyoingia mabomba yalipofunguliwa. Mafuta hayagandamiziki, hewa hugandamizika. Ikibaki ndani, pedali huzama na gari likaendelea kwenda.

Mwenye gari alikuwa safarini kuelekea Meru. Kati ya Chuka na Meru lipo daraja la Nithi, ambako mnamo Julai 2022 basi lilitumbukia na zaidi ya watu 30 wakafa. Sidai kwamba msamiati ndio uliosababisha ajali ile. Ninachosema ni kwamba katika mteremko wa aina ile, kazi moja iliyosahauliwa ndani ya neno "kuseti" inaweza kugharimu uhai.

Wasomi tunalo neno "usimbaji", nami silikatai. Hata hivyo, "kutambulisha" linaeleza kinachotendeka, na mwanagenzi huelewa bila kufafanuliwa. Huenda mtu akapinga kwamba neno hilo tayari lina maana nyingine. Ni kweli, lakini kupanua maana ni mojawapo ya njia kongwe za lugha kujitajirisha.

Basi wanachama wenzangu mtakaokwenda likizo Nanyuki, Embu au Kerugoya, ingieni gereji na daftari. Waulizeni mafundi wanaitaje kila kazi, na muwapelekee istilahi zetu wazipime kabla hatujazichapisha.